Bodi Kuukuu, Injini za Mgao: Kwa Nini Wajerumani Waliwinda Usiku kwa Bf 110 na Ju 88

Swali la msomaji: "Nasoma kila mahali kwamba Heinkel He 219 ndiyo iliyokuwa ndege bora ya usiku ya Ujerumani katika Vita Kuu ya Pili. Kama ni kweli, mbona hadi 1945 marubani wao walikuwa bado wanarusha Messerschmitt Bf 110, iliyoaibika mbele ya Waingereza tangu 1940, na Junkers Ju 88, ambayo kwa asili ni ndege ya mabomu? Halafu hiyo Ju 88 ilibadilishwa injini mara kwa mara. Wahandisi hawakuwa na msimamo?"

Ndugu yangu, wahandisi usiwalaumu. Ujerumani ya wakati ule, mtu aliyeamua ndege ipate injini gani mara nyingi alikuwa na kalamu na daftari la mgao, wala hakuwa na spana mkononi. Sisi tunaujua mgao wa umeme na maji. Wao walikuwa na mgao wa injini, na baadaye mgao wa petroli. Ukilishika hilo, nusu ya swali lako imejibika. Nusu ya pili ni kuelewa kazi ya usiku yenyewe, maana haifanani na ya mchana.

Mchana, ndege ya kupambana inaishi kwa mbio na kwa kugeuka haraka. Usiku, windo ni Lancaster au Halifax iliyojaa mabomu, inakwenda takriban kilomita 350 kwa saa, gizani haioni vizuri nyuma yake na chini ya tumbo haina macho kabisa. Kumfikia mnyama wa aina hiyo hakuhitaji mbio za ajabu. Kunahitaji kukaa hewani saa nyingi, kubeba mtu wa pili wa kuitazama rada, kubeba rada yenyewe na mizinga mizito, kisha kutua gizani, pengine kwenye ukungu, bila kujiua. Wajerumani waliiita ndege ya namna hiyo Nachtjäger, mwindaji wa usiku. Mwindaji anayevizia hashindani mbio na swala.

Ndiyo maana Bf 110 ilipata maisha ya pili. Mwaka 1940, mchana, juu ya Uingereza, Spitfire na Hurricane ziliichezea. Lakini ilikuwa na injini mbili, masafa ya kutosha, pua pana ya kuweka silaha, na tabia njema mikononi mwa rubani. Juni 1940 kikosi cha kwanza cha usiku, NJG 1, kiliundwa chini ya Wolfgang Falck, na mwezi uliofuata Josef Kammhuber akakabidhiwa ulinzi wote wa usiku. Hawakukaa kubuni ndege. Walichukua iliyokuwa bandani.

Sasa twende kwenye hesabu, kwa sababu hapo ndipo hadithi ya Bf 110 inapogeuka. Zile za mwanzo, za mfululizo wa C, zilikuwa na uzito wa tani sita na kitu, zikivutwa na injini mbili za Daimler-Benz DB 601 za nguvu farasi takriban 1,100 kila moja. Ya usiku iliyotengenezwa kwa wingi, G-4, ilikuwa na DB 605B za farasi 1,475. Ukiangalia injini tu utasema imepiga hatua. Lakini G-4 iliyojazwa kila kitu ilizidi tani tisa. Uzito umepanda kwa nusu, nguvu zimepanda kwa theluthi. Ni sawa na kuchukua kirikuu, ukakitia injini kubwa kidogo, kisha ukakipakia mzigo wa Fuso. Kitatembea, ila usikiambie kipande mlima Kitonga kwa haraka.

Mzigo wenyewe ulitoka wapi? Kwanza rada. Rada ya kwanza ya hewani, Lichtenstein, ilihitaji msitu wa antena puani. Ludwig Becker aliangusha ndege ya kwanza kwa msaada wa rada hiyo Agosti 1941, naye alikuwa kwenye Dornier Do 215, si Bf 110. Marubani wengi hawakuipenda mwanzoni: antena ziliburuta upepo na kuiba mwendo. Usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Julai 1943, juu ya Hamburg, Waingereza wakamwaga vipande vya karatasi za bati vilivyoipofusha Lichtenstein. Wajerumani wakajibu kwa SN-2, rada ya mawimbi marefu zaidi, ambayo antena zake zilikuwa kubwa hadi zikaitwa pembe za kulungu. Kinachonichekesha kila nikikumbuka ni hiki: SN-2 za mwanzo hazikuweza kuona kitu kilicho karibu, ndani ya mita mia nne au tano hivi, kwa hiyo baadhi ya ndege zikabeba rada zote mbili, mpya ya kutafuta mbali na kuukuu ya kumalizia karibu. Ndege moja, pembe za wanyama wawili.

Kisha vikaja vifuniko vya ekzosi. Mchana hakuna anayejali moto unaotoka kwenye ekzosi ya injini ya silinda kumi na mbili; usiku moto huo ni taa inayowaita wapiga bunduki wa adui na kumpofusha rubani mwenyewe. Ikabidi mabomba marefu ya kuuficha yafungwe pembeni mwa injini, na hayo nayo yakala mwendo. Ongeza matangi ya mafuta chini ya mabawa, mtu wa tatu nyuma, na mizinga miwili iliyosimikwa mgongoni ikitazama juu kwa mshazari, ile iliyoitwa Schräge Musik. Kwa mizinga hiyo rubani alijipenyeza chini ya Lancaster, mahali pasipo na macho, akafyatua kuelekea tangi la bawani. Ilikuwa silaha ya kutisha na marubani waliipenda. Lakini kilo ni kilo. Bf 110 iliyotoka kiwandani ikiwa na mbio zinazopita kilomita 540 kwa saa ikajikuta, imevaa yote haya, inahangaika kwenye 500 na ushei.

Mbona basi haikuondolewa? Ilitakiwa iondoke. Mrithi wake alikuwa Me 210, na Me 210 ilikuwa balaa: haikutulia hewani, iliua marubani wake, na utengenezaji wake ukasimamishwa 1942. Viwanda vilivyokuwa vimeanza kuipa Bf 110 kwaheri vikaambiwa virudie kuitengeneza. Tazama vizuri: Bf 110 G-4 haikushinda shindano lolote. Ilibaki kwa sababu aliyepaswa kumzika alikufa kabla yake.

Pia kuna jambo la DB 605. Hiyo ndiyo injini ya Messerschmitt Bf 109, ndege ya mchana iliyotengenezwa kuliko zote Ujerumani. Kila Bf 110 moja inayotoka imekula injini za Bf 109 mbili. Karani wa mgao analijua hilo kila asubuhi anapofungua daftari.

Sasa Ju 88, ambayo ndiyo moyo wa swali lako. Iliruka mara ya kwanza Dessau, tarehe 21 Desemba 1936, ikiwa na injini za Daimler-Benz DB 600. Ndiyo, Daimler-Benz. Lakini Daimler-Benz zilikuwa zimetengwa kwa ajili ya ndege za kupambana, hivyo Ju 88 ikapewa Jumo 211, injini ya nyumbani kwao Junkers. Hapo utaona kwamba mgao uliigusa hata kabla haijaenda vitani. Lakini wabunifu walikuwa wamefanya jambo la busara sana. Rejeta waliiweka duara mbele ya injini, nyuma tu ya rafadha. Ukiitazama kutoka mbele utadhani ni injini ya silinda zilizopangwa kama nyota, kumbe ni ya maji, silinda kumi na mbili zimelala kwenye mistari miwili. Faida yake ni kwamba injini, rejeta na mfuniko wake vilikuwa kitu kimoja kilichofungwa kwa boliti kwenye bawa. Ndani ya bawa hakuna mabomba ya rejeta. Unafungua kichwa kimoja, unafunga kingine, kama kubadili kichwa cha trela. Linganisha na Bf 110, ambayo rejeta zake zilikaa chini ya mabawa: kuibadilisha aina ya injini kungekuwa kama kuvunja nyumba ili ubadilishe mlango.

Kwa hiyo Ju 88 haikubadilishwa injini kwa sababu ya kigeugeu. Ilibadilishwa kwa sababu iliweza. Katika nchi inayoishi kwa mgao, bodi inayokubali injini yoyote iliyopatikana ni lulu.

Ya usiku ya kwanza kutoka kwa wingi ilikuwa C-6, yenye Jumo 211J za farasi kama 1,400. Ilikaa hewani muda mrefu kuliko Bf 110, ilibeba mzigo bila kulalamika, ila ilikuwa nzito wa kupanda. Kabla yake, Ju 88 za NJG 2 kutoka Gilze-Rijen nchini Uholanzi zilikuwa zikivuka bahari na kuvizia ndege za Waingereza kwenye viwanja vyao wenyewe zinapotua. Hitler aliisimamisha kazi hiyo Oktoba 1941. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko kosa lolote la injini katika hadithi hii, lakini tusitoke njiani.

Baada ya C ikaja R, bodi ileile kwa BMW 801, injini ya silinda kumi na nne za nyota inayopozwa kwa upepo, ile iliyomo kwenye Focke-Wulf Fw 190, ndege ya kupambana ya mchana. Nguvu zikapanda kufikia farasi zaidi ya 1,500. Ukitaka kuiona kwa macho yako, moja ipo hadi leo kwenye jumba la makumbusho la jeshi la anga la Uingereza. Mei 1943 ilitua Dyce, Scotland, ikiwa nzima na Lichtenstein yake puani, kwa sababu rubani wake alikuwa ameamua kuhama upande. Waingereza walipewa rada ya adui mezani, miezi miwili na ushei kabla ya Hamburg.

BMW 801 ilikuwa na sifa moja ambayo vitabu vingi huipita haraka, nami naiona kubwa kwa kazi ya usiku. Ilikuwa na kifaa kilichoitwa Kommandogerät, kama ubongo mdogo wa gia na mafuta. Rubani anasukuma mkono mmoja tu. Kifaa chenyewe kinapanga mchanganyiko wa mafuta, pembe ya mapanga ya rafadha, muda wa cheche na gia ya supachaja, yaani kipulizo cha kuijazia injini hewa. Mtu aliye kwenye wingu zito, saa tisa usiku, sikio moja kwa mtu wa rada na jingine kwa kituo cha chini, hahitaji mikono minne. Tena injini ya upepo haina rejeta ya kutobolewa na risasi.

Ila nguvu zilizidi mkia. Bodi ya Ju 88, ikiwa na injini hizo na mzigo puani, ikaanza kuyumba. G-1 iliyotoka mapema 1944 ikapewa mkia mkubwa wa mraba kutoka kwa ndugu yake Ju 188, BMW 801D za farasi 1,700, na lile banda la mpiga bunduki lililoning'inia chini ya pua likaondolewa. Mizinga minne ya milimita 20 ikawekwa kwenye kisanduku chini ya tumbo badala ya puani. Hilo la mwisho ni utundu wa watu waliojua usiku: mwako wa mzinga ulio puani humpofusha rubani kwa sekunde kadhaa, na sekunde kadhaa zinatosha kumpoteza Lancaster gizani. Antena nazo zikapata pua yote.

Hiyo ndiyo ndege ninayoiita mwindaji wa usiku bora wa Ujerumani kwa maana ya kazi. Julai 1944 moja ilipotea njia ikatua Woodbridge, Uingereza, kwa makosa. Waingereza walikuta ndani SN-2 pamoja na Flensburg, kifaa kilichokuwa kikifuata mawimbi ya rada ya tahadhari iliyofungwa mikiani mwa ndege zao za mabomu. Yaani chombo walichokiweka kuwalinda ndicho kilichokuwa kikiwaita wawindaji. Wakakiondoa.

Halafu, ukiwa umeshazoea BMW, inakuja G-6 na injini nyingine tena, Jumo 213A ya maji, farasi 1,750. Hapa wengi huuliza kama ulivyouliza. Angalia mambo mawili. La kwanza, Fw 190 ilizihitaji BMW 801 na ilizihitaji kwa maelfu. La pili ni petroli. BMW 801D ilitaka mafuta ya daraja la juu, yaliyoitwa C3. Jumo 213A iliridhika na B4, ya okteni 87. Kuanzia Mei 1944 Wamarekani walianza kuvipiga viwanda vya Leuna na vingine vilivyotengeneza petroli kutokana na makaa ya mawe. Injini inayokubali mafuta duni, wakati mafuta mazuri yanaadimika, ina thamani kuliko farasi hamsini za kwenye karatasi. G-6 ikapata zote mbili.

Sasa nije kwa He 219, uliyoipenda. Sikulaumu. Ina gurudumu la mbele, kioo kinachompa rubani kuona pande zote, mizinga hadi minane, na viti vya kuwarusha wahudumu nje, vya kwanza duniani kuingia kazini. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Juni 1943, Werner Streib aliondoka Venlo na He 219 ya majaribio akaangusha ndege tano za mabomu kwa safari moja. Wakati wa kutua mabapa ya mabawa yalimkatalia, ndege ikavunjika vipande vipande uwanjani. Yeye na mtu wake wa rada wakatoka hai. Jina la ndege likazaliwa usiku ule, na kiwanda kikalitunza.

Lakini uzito wake ulikuwa mkubwa, na injini iliyotarajiwa kuivuta, Jumo 222, haikukomaa hadi vita vinaisha. Ikabaki na DB 603, injini nzuri ya lita 44.5, ila nayo ilikuwa ikigombewa na Me 410 na Dornier Do 217. Eric Brown, rubani wa majaribio wa Uingereza aliyezirusha ndege nyingi za Wajerumani baada ya vita, aliiona imesifiwa kupita kiasi na ina upungufu wa nguvu. Ju 88 G aliipa heshima. Na ile habari kwamba baada ya safari ya Streib ndege hizi ziliangusha Mosquito sita, zile ndege za mbao za Waingereza zenye mbio kali, ndani ya siku kumi, iweke pembeni. Kumbukumbu za Waingereza za hasara zao haziiungi mkono.

Erhard Milch, aliyesimamia uzalishaji, aliipinga He 219. Wengi wanamfanya adui wa hadithi. Mimi namwelewa. Alikuwa na kiwanda cha Ju 88 kinachotoa ndege kila siku, na aliyeleta He 219 alikuwa akimwomba asimamishe mashine, afundishe mafundi upya, atafute injini zisizokuwapo, ili apate ndege bora kidogo mwakani. Usiku ule ndege mia kadhaa za mabomu zilikuwa njiani. Hazikufika hata He 219 mia tatu.

Nyingine nizipite. Do 217, iwe na BMW 801 au na DB 603, ilikuwa na bawa la kubeba mabomu na ilipanda kwa uvivu. Ta 154 ya Kurt Tank ilitengenezwa kwa mbao, kwa wivu wa Mosquito. Kiwanda cha gundi yake huko Wuppertal kilipigwa bomu, gundi mbadala ikaula ubao, na mradi ukaishia hapo. Bf 109 na Fw 190 za mtu mmoja, zilizorushwa na vijana wa Hajo Herrmann bila rada kuanzia Julai 1943, zilifanya kazi kiangazi, kwa mwanga wa taa za chini na wa miji inayoungua. Majira ya baridi mawingu yakawaua wengi kuliko Waingereza walivyowaua. Ndege ya jeti Me 262 ya Kurt Welter, karibu na Berlin, ndiyo pekee iliyoweza kumkimbiza Mosquito kwa uhakika, lakini zilikuwa chache mno na injini zake zilichoka baada ya saa chache za kuruka.

Unabaki na swali ambalo hukuliandika ila nalisikia: kama wangekuwa na He 219 elfu mbili? Usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Machi 1944, Waingereza walipoenda Nuremberg, walipoteza ndege 95, hasara yao kubwa kuliko zote za usiku mmoja. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na Bf 110 na Ju 88. Heinz-Wolfgang Schnaufer, aliyeangusha ndege 121 na hakuna mwindaji wa usiku aliyemfikia, alifanya karibu kazi yake yote na Bf 110 ile ile iliyoaibika 1940. Mapezi ya mkia wa ndege yake yenye alama za hesabu hiyo yako London na Canberra. Kilichowaangusha wawindaji hao mwishowe ni Mosquito zilizokuwa zikiwavizia wao, marubani wapya waliofunzwa kwa saa chache, na matangi matupu.

Usiku wa tarehe 3 kuamkia 4 Machi 1945 zilipelekwa Ju 88 G kwa wingi hadi Uingereza, kuvizia viwanja vya adui kama zamani, ile kazi Hitler aliyoipiga marufuku 1941. Moja, G-6 yenye Jumo 213, iliruka chini mno ikitafuta shabaha, ikaanguka Sutton upon Derwent, Yorkshire. Ndiyo ndege ya mwisho ya jeshi la anga la Ujerumani kuanguka katika ardhi ya Uingereza wakati wa vita hivyo.